Nyasi za Ghuba Nyingine

Fundi cherehani alikuwa amejiandaa kusinzia mpaka pantoni ifike ng'ambo, lakini wanawake wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mmoja, binti mwenye suruali iliyolowa, alipakata ndoo ya miche iliyofunikwa kwa gunia lenye unyevu. Mwenzake, mama wa makamo mwenye beseni la kome wachache, aliikazia macho ndoo hiyo kana kwamba imemtukana.

"Hizo nyasi za baharini mlishazipanda, mwanangu. Zikafa."

"Zile ziliuawa na joto, mama. Maji siku hizi yanachemka. Hizi tumezitoa ghuba nyingine, zimeshazoea kuungua."

"Kwa hiyo si nyasi zetu."

"Si zenu. Ila samaki hawataziuliza kwao wapi."

Fundi akameza kicheko. Mama wa kome hakucheka. "Mmetufungia maji yetu tusivue ili zishike mizizi, nasi tukanyamaza, maana hata mimi nawakumbuka samaki waliokuwepo. Na hizi nazo zikifa?"

"Tutapanda tena."

"Nyinyi mtapanda tena. Mimi nitakuwa nakula nini?"

Binti aliinua gunia, akaitazama miche yake, akaifunika polepole. Pantoni ikagonga gati, abiria wakasimama kwa pupa. Mama wa kome akajitwika beseni lake, akashuka bila kugeuka. Fundi alipompita yule binti alimkuta bado amekaa, ameikumbatia ndoo, akisema kwa sauti ya chini, "Sijui, mama."