Marudio ya Trei

Kijiwe chetu kiko Maili Moja, nyuma ya maduka ya spea. Maulida anauza kahawa na kashata, sisi tunakaa kwenye benchi lake tunamharibia biashara kwa ubishi. Mimi kila wiki naapa sirudi pale, kesho yake nimo. Jumatano alasiri tulikuwa kwenye mambo ya mpira, Hussen akafika na ovaroli lake lenye vumbi la karatasi, akakaa, akachukua kahawa asiinywe. Nikajua leo kuna jambo.

Hussen anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha trei za mayai, hapo nyuma. Analoweka maboksi makuukuu kwenye tangi, yanasagwa yanakuwa uji, mashine inafinyanga trei, zinaanikwa. Zinazotoka zimepinda au zimechanika haziuzwi. Zinakaa pembeni mpaka asubuhi, zinarudishwa tangini pamoja na maboksi mapya. Wenyewe wanaziita marudio.

Sasa Jumanne bosi katoka Dar na mzani wake, kakaa kutwa anapima. Tangini zimeingia kilo mia na ishirini na tano. Trei nzuri zimetoka kilo mia. Akamwambia Hussen kwamba hizo ishirini na tano anaziiba yeye, na kesho yake, yaani leo, saa kumi na moja jioni atakuja asikie zinakwenda wapi, asipoambiwa ni polisi. Hussen yuko pale tangu kiwanda kinafunguliwa, hajawahi kutoka hata na kipande cha kamba. Alipofika kwenye neno mwizi aligeuza uso barabarani. Iliniuma, kwa kweli. Mpira tukauacha.

Wa kwanza kudaka alikuwa Laurean. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua feni ikakubali kufungika. Akasema ni jua, maji yamekauka yameondoka na uzito. Hussen akamwambia maboksi yanapimwa makavu na trei zinapimwa kavu. Injinia akakuna kidevu, akahamia kwenye mzani: mzani wa Dar umezoea kule chini karibu na bahari, ukiupandisha huku Kibaha lazima uchanganyikiwe. Alisema kwa kujiamini mpaka nikaanza kuwaza kilo zangu za sukari.

Mzee Jumbe, aliyehamia kwa mwanawe kutokea Marui huko Kisarawe, alikuwa anatusikiliza kwa huruma. Yeye alisema hiyo ni chuma ulete ya wazi kabisa, uchawi wa kuvuta mali ya mtu. Kwao kuna mtu gunia lake la unga lilikuwa linapungua usiku na kamba imefungwa vilevile. Hapa kiwandani, akasema, mchumaji ni bosi mwenyewe, anajichumia halafu anatafuta wa kumsukumia. Injinia akauliza mtu anajiibiaje mali yake. Mzee akasema ndiyo maana uchawi ni mgumu.

Hapo Maulida akaweka birika chini.

— Hussen, tamthilia ya Jumatatu usiku si unaitazama?

— Naitazama.

— Yule baba mkwe kafa. Jumanne mchana wameweka marudio, kafa tena. Wamezika wangapi?

— Mmoja.

— Bosi wako anazika wawili.

Nikahisi kitu kimefunguka kichwani, halafu kikajifunga chenyewe. Injinia hakukubali. Alisema kwenye mpira mechi ya kwanza na ya marudiano magoli yanajumlishwa, kwa hiyo bosi yuko sahihi. Maulida akamwambia marudio siyo marudiano. Mzee Jumbe, asiyekuwa na televisheni, akataka kujua huyo marehemu anafufuliwa na nani. Tulibishana mpaka nikasahau kama mimi niko upande wa jumla au wa maiti.

Hussen peke yake alikuwa anahesabu kwa vidole. Mara akasimama.

— Subirini. Maboksi mapya ni mia, na trei nzuri ni mia. Ishirini na tano ni zilezile zinazunguka. Asubuhi kazipima zikiingia, jioni zimetoka mbovu tena, kaziruka kasema ni uchafu.

Akacheka. Tukampigia makofi bila kuelewa, Injinia akadai ndicho alichokuwa anamaanisha kwenye mzani.

Ndipo akafika Biasha, mfuga kuku, huwa ananunua trei palepale kwa kina Hussen. Alikuja kuchukua kashata tu. Tukamsimulia wote kwa pamoja: baba mkwe, jua, chuma ulete, magoli. Akatusikiliza hadi mwisho na kashata mkononi.

— Sasa hayo marudio si yapo pale pembeni? Bosi akija mpimieni, aone kwa macho yake.

Tukamgeukia Hussen. Alikuwa ameshakaa.

— Nimeyachoma.

Maulida akamuuliza kayachoma lini. Alijibu anaangalia chini. Bosi alipoondoka Jumanne jioni, mzani kauacha, yeye aliogopa, akaona chanzo cha yote ni yale marudio. Yasipokuwepo hesabu itanyooka. Akayatia moto yote. Na leo kutwa, kila trei ikitoka mbovu anaitupa motoni.

Injinia akampa moyo, akasema basi leo mambo safi, zimeingia mia, zitatoka mia.

— Zimeingia mia, — Hussen akasema. — Nzuri zimetoka themanini.

Hata mimi, mgumu wa hesabu, hiyo niliiona. Zile za jana hazikuwahi kupotea popote mpaka alipowasha kiberiti, na leo ameongezea nyingine.

— Jana ishirini na tano, leo ishirini, — akaendelea polepole. — Bosi atasema nimeshtuka, nimepunguza.

Gari la bosi likapita taratibu mbele yetu, kioo kimeshushwa, likakata kona ya kiwandani. Hussen akajipangusa vumbi la ovaroli, akatuangalia mmoja mmoja.

— Nimwambie nini?