Marjut Lehtovaara, Mwanamke Aliyerudi Kituo cha Tatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka Marjut Lehtovaara wa hapa Tampere, mpishi wa shule, mkimbiaji wa klabu ya jimu ya mtaa wa Kaleva. Marjut alifariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Marjut Lehtovaara. Miaka hamsini na tisa.

Wengine mtasema, jina hili hatulijui. Ni kweli. Hakuwa mtu wa magazetini. Lakini waliomfahamu wamenipigia simu wiki nzima, na kila mmoja ameanza na neno lilelile: huyu mama alikuwa hatulii.

Alizaliwa Kemi, juu kabisa kaskazini. Baba yake alifanya kazi ya reli, na reli ilipomwita familia nzima ilifunga mizigo. Dada yake mkubwa, Sirkka, ananiambia: "Tulihama mara tisa kabla Marjut hajamaliza darasa la saba. Mimi nililia kila mara. Yeye hakulia. Yeye alikuwa anatangulia kupanda behewani."

Alipokuwa mtu mzima, hakuna aliyemhamisha tena. Alijihamisha mwenyewe. Alifanya kazi kiwanda cha viatu, akaacha. Akapika kwenye meli za kwenda Uswidi, akaacha. Posta, akaacha. Ndoa mbili, akaondoka kwenye zote mbili, na waume wote wawili hawana neno baya juu yake. Mmoja aliniambia, "Hatukugombana hata kidogo. Asubuhi alikunywa kahawa, akaosha kikombe, akaenda."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye jimu.

Alikuwa na miaka hamsini na nne. Ni Januari, barafu kila mahali, na Marjut amehamia Tampere hana hata mwezi. Jimu ya Kaleva ilitoa kadi za kujaribu bure. Akaingia. Akapanda mashine ya kukimbilia. Baada ya nusu saa akaizima, akamwendea mkufunzi, Jouni Rautio, jasho likimchuruzika.

"Wewe kijana," akamwambia, "hiki kimashine chako kinanitukana. Nimekimbia nusu saa nzima, na bado natazama ukuta uleule!"

Jouni akacheka. "Basi toka nje, mama. Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni, hapo mlangoni. Klabu ya mbio."

"Na barafu?"

"Barafu nayo inakuja."

Akaenda. Jumanne na Alhamisi, Jumanne na Alhamisi. Alianza kwa kasi mno na kumaliza akichechemea. Wenzake walimtania. "Marjut, umeacha kitu jikoni kinaungua?" Aliyemzoea haraka alikuwa Hilkka Nyman, aliyekuwa msaidizi wa daktari wa meno, miaka sitini na minane, mwenye goti bovu na ulimi mkali. Hilkka alikimbia polepole, na Marjut alimzunguka kama mbwa anayetaka kutembezwa.

"Tulia, utanitia kizunguzungu," Hilkka akamwambia.

"Nikitulia naanza kufikiri."

"Basi fikiri! Kuna ubaya gani?"

Marjut aliongeza mwendo.

Mwaka huo klabu iliandikisha timu kwenye mbio za kupokezana vijiti kuzunguka ziwa, mwezi wa Septemba. Watu watano, vituo vitano. Jouni wa kwanza. Hilkka wa pili. Marjut wa tatu, kilomita sita. Na jambo moja lilijulikana na wote: Jumatatu baada ya mbio, Hilkka alikuwa anafanyiwa upasuaji wa goti. Daktari alishamwambia hatakimbia tena. Hakuwahi kumaliza mbio za timu maishani mwake. Alitaka jina lake litokee kwenye karatasi ya matokeo, mara moja tu. Na kanuni ilikuwa wazi: kijiti kisipoondoka kituoni kabla kituo hakijafungwa, timu nzima inafutwa.

Shikeni hilo. Kituo cha tatu kilifungwa saa tano na dakika arobaini na tano.

Marjut alifika kituoni saa nne na nusu. Namba kifuani, jaketi kiunoni. Akasubiri. Akafunga kamba za viatu. Akazifungua, akafunga tena. Robo saa. Nusu saa. Watu wanapokea vijiti, wanaondoka, na yeye bado yupo. Miaka michache baadaye alimweleza dada yake hivi: "Sirkka, kifua kilinibana. Kila mtu pale alikuwa na hakika nitasimama mpaka nipokee. Nikaona kama nimefungiwa ndani na mlango umepotea."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo cha basi. Saa tano na dakika tano basi likaja. Marjut akavuka, akapanda.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Alipanda basi.

Hilkka akafika dakika kumi baadaye, goti limevimba, uso mwekundu kama bitiruti, kijiti mkononi. Hakuna wa kumpa. Jouni, aliyekuwa amemaliza sehemu yake na kuletwa pale kwa gari, akazunguka kila mahali, akachungulia hata vyooni. Mtu mmoja akamwambia amemwona mwanamke wa namba ile akipanda basi.

"Hilkka, keti basi," Jouni akasema. "Ameondoka huyo. Ndivyo alivyo."

"Sikai. Nikikaa goti halitanyooka."

"Nakwambia kapanda basi!"

"Nimesikia. Mabasi yana milango, Jouni. Atashuka."

"Unajuaje?"

"Sijui. Nimesema tu atashuka."

Msimamizi akaja na karatasi yake. "Mama, niwafungie? Mpumzike."

"Ukithubutu," Hilkka akasema, "nitakung'oa jino hapahapa."

Huko kwenye basi, Marjut alikuwa amesimama. Viti vilikuwa vitupu, naye amesimama. Dereva akamtazama kwenye kioo, akatazama namba kifuani. "Dada, hizo mbio si zinaelekea kule tulikotoka?"

Marjut akasema ndiyo.

"Na timu yako?"

Akasema, "Kuna mama mmoja mwenye goti bovu."

Marjut akabonyeza kengele. Alishuka kilomita nne kutoka kituoni, akageuka, akakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukimbia na klabu, alikuwa anaelekea mahali.

Saa tano na dakika arobaini akatokea kwenye kona. Dakika tano zimebaki. Jouni alikuwa na maneno mengi mdomoni. Hilkka alimnyamazisha kwa kiganja, akanyoosha kijiti.

"Hilkka, mimi..."

"Shika, nenda. Utaniomba radhi kwenye sauna."

Akazikimbia kilomita zake sita, juu ya nne alizokwisha kukimbia. Timu ilimaliza ya mwisho. Ya mwisho kabisa. Supu ya njegere ya wakimbiaji ilikuwa imeshapoa. Lakini majina matano yalitoka kwenye karatasi ya matokeo, na la pili lilikuwa Nyman, Hilkka.

Kwenye sauna, chumbani mwa mvuke, Marjut alisema ataihama timu, ni haki yao kumfukuza. Hilkka akamwaga maji kwenye mawe ya moto. "Jumatatu napasuliwa," akasema. "Jumanne mtu aniletee mkate na samaki. Chakula cha hospitali kibaya."

Marjut alipeleka. Na Jumatano. Na wiki sita zilizofuata.

Hakugeuka mtu mwingine. Msinielewe vibaya. Alihangaika mpaka mwisho. Ugonjwa wa kongosho ulipomlaza mwezi wa pili, aliwaomba wauguzi wamsogezee kitanda dirishani, halafu mlangoni, halafu dirishani tena. Hilkka alikaa naye kila siku, goti limenyooshwa juu ya kiti cha pili. Walibishana juu ya kila kitu. Asubuhi ya Jumanne walikuwa wanabishana juu ya uji, Marjut akafumba macho, na Hilkka akajikuta anabishana peke yake.

Dada yake Sirkka amenionyesha kijitabu chake cha anwani. Ukurasa wa Marjut umechafuka kwa mistari ya wino, anwani juu ya anwani, zote zimekatwa, zimebanwa mpaka pembeni. Ya chini kabisa ni ya Kaleva. Imekaa miaka mitano. "Hii sikuikata," Sirkka ananiambia. "Na sitaikata."

Kwako Sirkka, kwako Hilkka, kwa Jouni na klabu nzima ya Jumanne na Alhamisi, na kwa watoto wa shule waliokula kwa mkono wake: poleni sana. Kituo hiki kinaomboleza pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla wimbo haujaingia, tukae kimya kidogo. Kila mmoja amfikirie yule mtu mmoja aliyekataa kuketi kwa ajili yake. Kama yuko hai, simu mnazo.