Pengo Kwenye Turbo

Usinibetulie mdomo kabla sijaanza. Ukiona naongopa, nenda kwenye kibanda cha kahawa kilichogandana na gereji, kile cha mabati chenye mlango unaokwama, ukaulize. Mvua ilikuwa inapiga, na wenye benchi lao walikuwepo: Spana, fundi wa gereji, Daktari, ambaye ni kinyozi tu, na Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna. Bibi mwenye gari alikaa ukingoni, mgeni wa benchi, ufunguo kaufumbata. Kigari chake cha dizeli kilikuwa kimepiga mluzi mlimani, kikatapika moshi wa buluu, kikaishiwa nguvu. Turbo, ile inayoisukumia injini hewa, ilikuwa imekufa. Spana alishafunga nyingine. Ile iliyokufa ililala mezani katikati ya vikombe. Na kesho alfajiri bibi alikuwa ampeleke mumewe hospitali kusafishwa damu. Figo hazina subira.

— Lete ufunguo, bibi, tuliwashe, akasema Spana. Kazi imekwisha.

— Kwanza niambie hii imeuawa na nini.

— Oili chafu. Imeziba kijibomba, turbo ikazunguka kavu. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana nimetia oili mpya.

Daktari akacheka kwa pua.

— Oili! Turbo ni mapafu, bwana. Gari lina pumu hilo. Bibi alibeba mkaa humo.

— Sijabeba mkaa maisha yangu.

— Basi lililala jirani na lililobeba. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Breki akatua kikombe.

— Watoto nyie. Ni panya! Paka hulala juu ya injini apate joto. Siku akihama? Paka akiondoka, panya hutawala. Wameingia humo, wametafuna.

— Wametafuna chuma, Mzee Breki?

— Panya wa siku hizi unawajua wewe?

— Na moshi wa buluu?

— Manyoya hayo, yaliungua.

Benchi zima likacheka. Bibi hakucheka. Aliivuta ile turbo mbovu, akaifuta kwa upindo wa nguo, akapitisha kidole kwenye mapanga madogo ya gurudumu lake, moja moja, kama anayekagua meno ya mtoto. Kidole kikasimama.

— Spana, mwanangu. Hapa pana pengo.

— Ndiyo, bibi. Panga limekatika. Ndiyo maana tumeitoa.

— Kukatika nimekuona. Kipande kiko wapi?

Spana akainua kikombe kimoja, akatazama chini yake. Mvua ikaendelea kupiga bati.

— Kitakuwa kimetoka na moshi, Daktari akajaribu.

— Sikukuuliza wewe. Spana, hewa ya upande huu inakwenda wapi?

— Kwenye injini, akajibu Spana, sauti imeshuka.

— Ulifungua mabomba ukatazama?

— Sikufungua.

— Sahani ikivunjika jikoni kwangu, hakanyagi mtu mpaka vigae vyote vionekane. Wewe unataka injini ikimbie peku.

Spana akajikuna kisogo.

— Bibi, kufungua mabomba yote, kumwaga oili nitazame kama ina unga wa chuma, kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya kila silinda… kesho alfajiri gari halitawahi. Na mzee je?

Bibi akautazama ufunguo. Nyumbani shati la mzee lilishapigwa pasi, limening'inia kwenye kiti.

— Mzee kesho atakwenda kwa pikipiki, nimemfunga mgongoni kama mtoto. Damu haisafishwi mara moja ikaisha. Nataka gari la mwezi ujao, na la mwakani.

— Haba na haba hujaza kibaba, Breki akachomekea.

— Nyamaza, panya wewe.

Akautumbukiza ufunguo kifuani, akamtupia Spana turbo mapajani.

— Mkilipata jino, mniite. Msipolipata, tafuteni tena.

Akatoka. Mlango ukakwama kama kawaida yake. Akaupiga teke, akaufunga.