Sare ya Mwalimu Laurencia Kapinga

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kilindoni kumsindikiza, mama yetu Mwalimu Laurencia Kapinga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 kijijini Maguu, Mbinga, akasoma huko huko shule ya msingi, akahitimu ualimu Songea mwaka 1981, na Januari 1983 akaletwa Mafia kufundisha hisabati, asihame tena.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Fredy Ndunguru, afisa uvuvi, wakajaliwa watoto wawili, Recho na Isdory, na ni Fredy aliyemfundisha sataranji, mchezo ambao Fredy mwenyewe alikuwa akicheza kwa posta na rafiki yake wa chuoni, Mzee Ussi Kombo wa Wete, kila mmoja akiandika hatua moja na kungoja jibu. Fredy alipofariki mwaka 2009, Mwalimu aliketi mbele ya ubao wa sataranji, akaendelea yeye kucheza na Mzee Ussi.

Alishindwa kila mchezo. Mzee Ussi hufungua kwa namna ile ile, anasogeza askari wa mfalme, kisha anamtoa askari wa pembeni yake aliwe bure, na anayemla hukiona cha moto, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akimwacha. Februari 2023, figo zilipoanza kumsumbua, walianza mchezo mpya, sasa kwa ujumbe wa simu, naye Mwalimu akamla askari yule. Recho alipouliza sababu, alijibu, "Miaka yote nimemwacha kwa woga. Nataka nione kuna nini huko." Akatukataza kumwambia Mzee Ussi habari za ugonjwa, asije akamwonea huruma.

Alicheza huku akisafishwa damu Dar es Salaam, akapoteza farasi, akazingirwa, hata Isdory akamsihi akubali yaishe. Tarehe 11 Mei 2024 aliitoa ngome yake ya mwisho iliwe, kisha malkia wake, akiwa peke yake, akaanza kumwandama mfalme wa Mzee Ussi, akienda kulia yupo, akienda kushoto yupo, asiweze kumuua wala mfalme asiweze kuponyoka, mchezo ukaisha sare, na Mwalimu akacheka mpaka wauguzi wakaja kutazama.

Alituaga tarehe 2 Juni, usingizini. Mzee Ussi alipopigiwa simu aliuliza, "Alikuwa anaumwa tangu lini?" Alipoambiwa, akasema, "Ubao sijaugusa. Kila asubuhi natafuta nilipokosea, sipaoni." Yupo hapa leo, na hakuwahi kumwona Mwalimu uso kwa uso.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na Mzee Ussi, ambaye hakumhurumia.

Mama, pumzika sasa, amani ya Bwana ikae nawe.