Bi. Naima Anaachia Meza ya Uamuzi

Baada ya kutuamulia ugomvi kwa miaka tisa bila kulipwa hata nauli, Bi. Naima Mudathir anastaafu rasmi leo, Jumamosi tarehe 27 Novemba 1999, katika nafasi ya mwamuzi mkuu wa Ligi ya Kadi za Wanyama, Mwenge. Anahamia Bunju, ambako nyumba imeshaezekwa. Tena macho yake, kama anavyosema mwenyewe, yameanza kusoma tatu kuwa nane.

Kwa wageni waliofuata pilau tu, tueleze kidogo. Nchi ilipofungua biashara, maduka yakajaa jojo za nje za kutafuna, na ndani ya paketi za aina moja mlikuwa na kadi yenye picha ya mnyama na namba ya nguvu zake. Watoto wakazikusanya. Baba zao wakawanyang'anya. Wachonga vinyago wa Mwenge, katika kusubiri watalii, wakatunga mchezo: kila mtu anakuja na kadi zake ishirini, anazipanga kwa akili yake, na mnyama anakabiliana na mnyama. Simba huwashinda karibu wote. Nyegere, ambaye ni adimu kama mvua ya Agosti, humshinda hata simba, ila akikutana na chura hukimbia, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Sheria inamruhusu kila mchezaji nyegere mmoja tu. Wasomaji waikumbuke sheria hiyo.

Bi. Naima hakuja kwetu kucheza. Mwaka 1990 alikuja kumletea chakula mumewe, Bwana Badru, fundi makochi wa hapo hapo Mwenge, akamkuta Albano mchonga vinyago na Mwalimu Godlisten wameshikana mashati kwa ajili ya chura. Wakati huo Bi. Naima alikuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma, na kazi hiyo ilikuwa imempa sauti ya upole isiyopingika. Akaweka hotpoti chini.

"Mmoja aongee," alisema, "mwingine asubiri laini."

Wakaongea kwa zamu, wakaamuliwa, wakapeana mikono. Albano, ambaye ndiye aliyeshindwa, akamwambia, "Dada, Jumamosi ijayo njoo tena." Akaja, na hakuacha kuja. Malipo yake yalikuwa chai ya rangi na mihogo ya kukaanga, na mara nyingi mihogo tuliimaliza kabla hajafika.

Umaarufu wake ulivuka mitaa. Wachezaji wa Temeke walikuwa wakipiga simu kazini kwake, wakijifanya wanamtaka mhasibu, kumbe wanauliza kama mamba anaruhusiwa kupigana nchi kavu. Bi. Naima alijibu, "Anaruhusiwa, kwa nusu ya nguvu," kisha akawaunganisha na mhasibu kwelikweli, nao wakabaki kujieleza.

Mwaka 1994 shirika lilipunguza wafanyakazi, na yeye akawa miongoni mwao. Ijumaa aliaga kazini. Jumamosi tulimkuta mezani kabla yetu, kanga imefungwa vizuri, kadi zimepangwa. Yustina, muuza vitumbua kutoka Temeke, alimuuliza kwa nini asipumzike walau siku moja.

"Nikikaa nyumbani leo nitalia," Bi. Naima alijibu. "Hapa angalau mtalia nyie."

Huyo Yustina ndiye ushahidi wa kazi kubwa zaidi aliyoifanya mstaafu wetu. Watu wenye uwezo walikuwa wakinunua jojo kwa maboksi, wakapata kadi kali, na ligi ikaanza kuwa yao peke yao. Bi. Naima akaleta bati tupu la biskuti na kuomba kila mwenye kadi za ziada azitumbukize humo. Asiyekuwa na kadi aazime, acheze, arudishe. Yustina alianza na kadi za bati: kunguru wengi, vyura, na punda mmoja aliyechanika mguu. Alijifunza kushinda kwa vyura hao, na mwaka 1996 akaingia fainali.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Badru, mume wa mwamuzi.

Minong'ono ilianza mapema. Mwalimu Godlisten alimfuata Bi. Naima faraghani, akamshauri ampishe mwamuzi mwingine. "Mwalimu, nipe jina la huyo mwingine," alimjibu. Mwalimu akatafakari, akarudi kuketi. Mwingine hatukuwa naye.

Fainali ilikwenda vizuri mpaka katikati. Yustina alikuwa amekwisha kumwona nyegere wa Badru akitoka, akajipanga, akamshusha simba wake kwa furaha. Badru akashusha nyegere. Watu wa Mwenge walishangilia. Yustina alimtazama mwamuzi.

"Baba Farida," Bi. Naima alisema, kwa sauti ile ile ya kazini, "funua kadi ulizokwisha kutumia."

Badru alicheka kidogo. "Mama Farida, na wewe."

"Funua."

Akafunua. Nyegere wa kwanza alikuwa pale, na wa pili alikuwa bado mezani. Ubaya ni kwamba tulimtambua huyo wa pili kwa kona yake iliyoliwa na panya: alikuwa nyegere wa bati, na bati lilikuwa likilazwa nyumbani kwa Bi. Naima, chini ya kitanda.

Alimtangaza Yustina bingwa. Kisha akasimama. "Kadi imetoka kwangu," alisema. "Mie sikuitoa, lakini hamna sababu ya kuniamini. Amueni nyie." Akatoka nje, akasimama juani huku tukijadili. Majadiliano hayakuchukua muda. Yustina ndiye aliyekwenda kumrudisha kwa kumshika mkono. Bati likahamia kabatini kwa Mwalimu Godlisten, na hapo ndipo lilipo hadi leo.

Nyumbani, tunavyosikia kutoka kwa wote wawili, hali ilikuwa ya baridi. Badru alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Mkewe akamjibu, "Nguo ulivua mwenyewe, mie nilitaja tu." Mzee akala kwa mama lishe wiki nzima, akanung'unika kwamba mchuzi ni maji matupu, akarudi.

Ligi ilichukua muda zaidi kumpata tena. Msimu mpya ulipoanza alikuja, akasimama mbele yetu, akamwomba radhi Yustina bila kuzunguka. Yustina akamsamehe kwa sharti kwamba siku hiyo acheze na kadi za bati. Badru alipigwa raundi ya kwanza na mtu aliyejifunza mchezo asubuhi ile, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo hakosi.

Kuanzia Jumamosi ijayo mwamuzi mkuu ni Yustina. Alianza kazi wiki iliyopita, kwa majaribio, tulipomwomba Bi. Naima acheze mechi ya kuaga. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kucheza, asije akasemwa. Alikaa, akavaa miwani, akamshusha nyegere dhidi ya chura wa Albano, akashindwa. Akadai chura amechelewa kushushwa. Yustina akasikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili, akaikataa rufaa.

Bi. Naima alimkazia macho, tukaanza kuogopa. Kisha akaziweka kadi zake mezani, akavua miwani, akasema, "Sasa naweza kuondoka."

Asante, dada, kwa Jumamosi zako zote ulizotupa. Bunju ikupokee kwa upepo mwanana, majirani wasikivu, na mume anayekula nyumbani. Maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu.