Mama Yenu Hakurogwa

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mama yenu Elina, wanangu, lilikuwa kunicheka. Tulikuwa tunachambua kahawa barazani, hapahapa Nanyala, Julai ya mwaka 1997, nami nilikuwa nainua kila punje niitazame kwenye mwanga, akasema, "Baba Tuntufye, hiyo ni kahawa, siyo mitihani ya kidato cha nne. Hivyo tutachambua mpaka Krismasi." Akala, akameza kidonge chake, akaenda kulala. Asubuhi nilimkuta amelala kifudifudi, mwili umeshapoa.

Sogeeni, sauti yangu haifiki mbali. Mlikuwa wadogo, na mengi mliyasikia kwa watu. Leo yasikieni kwangu.

Shamba la mpunga la Msangano ni lako, Tuntufye. Nyumba hii na kahawa yote ni vya Tumpe, na asije mtu wa ukoo kusema binti harithi, kwa maana nimeshaandika na wazee wa kanisa wameshuhudia. Ila chumba cha mbele si cha kupangisha. Kiendelee kuwa cha wale wanaokuja kila Jumamosi, wenye kifafa na wanaowauguza, mpaka siku watakapokosa haja ya kuja.

Mama yenu alikuwa na kifafa tangu usichana wake. Tulimlinda na moto, tulimlinda na mto, tukadhani tumemaliza. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtu mwenye kifafa anaweza kufa ghafla kitandani mwake, hata mimi niliyesoma baiolojia chuo kikuu. Daktari aliyekuja kumtazama ndiye aliyenieleza: kifafa kikimshika mtu usingizini, pumzi na moyo vinaweza kusimama. Haiwatokei wengi, alisema, lakini hutokea, na hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Maneno hayo nimeyabeba kila mahali, na tumeshinda, wanangu, semeni hivyo bila aibu. Hamis, yule mwenye malori wa Tunduma, mpwa wake alipokutwa amekufa kitandani kama mama yenu, aliandika nyuma ya lori lake kwa rangi nyekundu: KIFAFA SI UCHAWI, MEZA DAWA KILA SIKU. Foleni ya mpakani mnaijua, lori linasimama hata siku tatu, na walio nyuma hawana kingine cha kusoma. Akanipigia simu akicheka, "Mwalimu, mwenzio nimegeuka gazeti! Hata Wazambia wananiuliza dawa inapatikana wapi." Siku hizi, hata pale kituoni Mpemba kabla ya kufika Tunduma, mtu akishikwa njiani, watu hawamkimbii.

Kwa hiyo fundisheni bila kuchoka. Mwenye kifafa asiache dawa kwa kujiona mzima. Asilale peke yake ikiwezekana. Akishikwa, mwondoleeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni, mlazeni ubavu, na mkae naye mpaka apumue vizuri. Na mwambieni ukweli kwamba kifo hiki kipo, kwa upole, maana anayejua hujilinda.

Nipe maji, Tumpe... Basi, yanatosha.

Mjomba wenu Jairo msimwekee kinyongo. Alikuwa amefiwa na dada yake, na alitafuta wa kumlaumu. Shangazi yenu Ferista, dada yangu, alikuwa amegombana na mama yenu juu ya kuku walioparua bustani ya mboga, akamwambia mbele za watu, "Utanitambua!" Siku tatu baadaye Elina akafa. Mchana ule wa msiba Jairo alinijia na vijana, akasema, "Shemeji, elimu yako weka pembeni. Kesho tukitoka makaburini, dada yako awe ameondoka, la sivyo nyumba yake inawaka na yeye ndani." Wazee wakatazama chini. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeshaandikwa kwamba aliugua kwa muda mfupi.

Mungu awabariki, wanangu. Awape usingizi mwema na kuamka kwema, nyinyi na watakaozaliwa kwenu... Ngojeni nivute pumzi. Limebaki la asubuhi iliyofuata.

Nilikwenda kwa Ferista. Alikuwa amejifungia. Nikamwambia, "Dada, vaa kitenge, tukamzike mke wangu."

"Watanipiga, Asajile."

"Wataanza na mimi."

Tukapita katikati ya waombolezaji, nimemshika mkono, nikamketisha kwenye kiti cha ndugu, kando ya jeneza. Ilipofika zamu ya kusoma wasifu, niliuchukua kwa mzee wa kanisa, nikaukunja, nikasema kwa sauti ya darasani: "Elina alikuwa na kifafa. Kifafa kimemuua usingizini. Hakurogwa, na dada yangu hakumgusa."

Jairo alisimama. Kabla hajafungua mdomo, mama mmoja alisimama upande wa wanawake, mtoto mgongoni, akasema, "Na huyu wangu anacho. Nimemficha miaka minne." Akasimama mwingine. Kisha mzee mmoja, akasema mkewe naye anacho. Jairo aliwatazama wote, akaketi, akalia kama mtoto.

Tukaenda kaburini. Nikatupa udongo... kisha nikamwekea Ferista udongo mkononi, akatupa wa pili, na hakuna aliyemzuia.