Zing'oe Zote, Brodie

Naapa kwa Mungu aliye juu, naapa kwa kaburi la mama yenu pale nyuma ya kanisa, na kama kuna neno moja la uongo basi kitanda hiki kinimeze sasa hivi, mguu mmoja ubaki nje: yote nitakayosema ni kweli tupu. Raelynn, acha kucheka. Sikilizeni wanangu, mimi baba yenu Delmar Skogen, ambaye Montana nzima haijazaa mpiga shabaha mfano wangu, mimi niliyemwangusha kulungu dume ng'ambo ya bonde akafa mlio haujamfikia, leo pumzi imenibaki kidogo kama mafuta kwenye trekta ya mjomba wenu Lyle, na daktari kasema theluji ya kwanza sitaiona. Daktari yule hanijui. Lakini tufanye anajua.

Brodie, usisimame, gonga. Weka gogo hapo sakafuni, na kila risasi uliyoijaza baruti mwenyewe wiki hii itie ndani ya hiyo nyundo ya kung'olea, uigonge mpaka kichwa kichomoke na baruti imwagike. Sifi kabla hujamaliza. Nimeamua, na nikiamua mimi hata mauti hupanga foleni.

Unanuna nini, kama mtoto aliyenyimwa keki? Jana si ulitoka kuzijaribu nyuma ya ghala unarukaruka, "Baba, zinakwenda kama radi! Kipima mwendo kimepita hata kitabu cha vipimo!" Nikakwambia nipe maganda ya ulizofyatua, maana macho yamechoka lakini kidole gumba changu kimesoma kuliko profesa. Nikapapasa fataki, kile kifuniko kidogo kitakoni mwa ganda kinachopigwa na pini. Kingo zake hutakiwa zibaki na mviringo, zako zimelala bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni, na pembeni yake shaba imevimba alama ya kung'aa, imesukumwa mpaka ndani ya tundu la komeo, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma. Nikauliza, komeo lilifunguka vipi? Raelynn ndiye akasema, "Alilipiga kwa ukuni, baba." Na wewe ukamrukia, "Mbea we! Lilikaza kwa baridi tu." Baridi! Jua lile la jana, mbwa mwenyewe alitamani avue manyoya!

Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu. Risasi ikizidi nguvu, bunduki yenyewe husema: komeo zito, fataki bapa, kitako kimechubuka, mwendo umeruka bila sababu. Mwenye akili akisikia moja tu anaacha palepale, hafyatui nyingine eti aone kama itatulia, anazing'oa zote, na bunduki anampelekea fundi aikague. Na siku nyingine haisemi kitu, inapasuka usoni, kwa hiyo usikae unangoja ikuonye. Wewe ulichukua kipimo changu cha baruti, nilichokipandisha punje kwa punje kwa ajili ya bunduki yangu kuukuu, ukakitia kwenye bunduki yako mpya, tena na kichwa kizito zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukibadili bunduki, ukibadili ganda, ukibadili kichwa au fataki au baruti, rudi kwenye kipimo cha chini kabisa kitabuni, uanze kupanda upya, polepole. Gonga, nimesema, mbona nyundo imenyamaza?

Mmesahau jicho la Lyle? Alichukua boksi la risasi zangu garini bila hata hodi, akazitia kwenye bunduki yake, komeo likagoma, akalipiga kiganja, akacheka, akatia nyingine, ikampasukia usoni. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tangu hapo kila baa anatangaza eti Delmar kanipofua, na hata kanisani akiniona anahamia upande wa kwaya. Mwambieni ugomvi ule nimeuzika leo kabla yangu. Mpeni mbwa wangu. Anampenda Lyle kuliko mimi, mjinga yule.

Nyumba ni yenu wote, msiiuze kwa watu wa mjini. Bunduki yangu ni yako, Brodie. Ila meza ya kujazia, mizani na vitabu ni vya Raelynn, na risasi yoyote ambayo dada yako hakukupa mkononi usiitie humo.

"Raelynn anipikie risasi? Kambini watanicheka mpaka waanguke, baba!"

Wakucheke hukohuko, nawe uwe na macho mawili ya kuwatazama. Na zile zangu za kwenye rafu msigawane kama keki za msibani. Zilipikiwa bunduki yangu tu, na zikikaa hapo kuna siku mtu atazitia kwenye yake. Zote zing'oeni, baruti mwageni bustanini, msiirudishe koponi.

Tena nimewasikia jikoni mnanong'ona, eti mtanichoma, mnitie majivu ndani ya ganda, mnifyatue Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda. Nilitokwa na chozi, wazo zuri mno. Lakini hapana. Majivu yanakula nafasi ndani ya ganda, nguvu inazidi, na mimi sitaki nimtoe mtu jicho nikiwa nimeshakufa. Nimwageni kule juu kulungu wanakokunywa maji, wajue kalala nani.

Nipe... maji kidogo. Basi.

Mlio umekoma. Umemaliza, eh? Brodie. Toa ile ya mfukoni. Ya shati. Nimeisikia ikigonga kifungo ulipoinama.

"Ya kumbukumbu tu, baba. Moja tu."

Moja ndiyo iliyomtosha Lyle. Gonga. Nina pumzi ya kungoja... ninayo. Gonga, mwanangu.

Tena.

Haya. Hiyo nimeisikia. Sogea nikushike kichwa, nawe Raelynn, njoo. Mungu awalinde macho na mikono, mzeeke mkiona vizuri, mkigombana... mkipatana. Raelynn, Jumamosi mjazie kipimo cha chini kabisa. Kulungu hajui tofauti. Nimesema mimi, Delmar Skogen: risasi laini inatosha.

Ila hilo... msilirudie. Kwa Lyle, baa, popote. Wakiuliza, semeni alikufa anadai baruti zaidi.